Aliyoyaacha Mkalimani

Watu wa Nyaishozi walimwita Mkalimani, nami sitamwita jina jingine, kwa sababu jina alilopewa na mama yake halina kosa lolote. Nilikaa naye jirani zaidi ya miaka kumi, nyumba yake chini ya njia, yetu juu ya njia, na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata siku moja aliyokuja kwetu nikafurahi. Alikuwa na kikohozi cha mtu anayetaka ajulikane amefika kabla hajapiga hodi. Nikikisikia, nafunika chungu.

Mimi ni binti wa mfanyabiashara. Baba yangu alifika Karagwe na msafara kutoka Pangani, na shanga zake, na chumvi, na majora ya merikani, akamwoa mama yangu ambaye ni Mnyambo, na pwani hakurudi tena. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya baba na ya duka. Kinyambo lugha ya mama na ya jikoni. Nilikua nikizisikia zote mbili kwa wakati mmoja, mtoto wa watu wawili waliokuwa wakigombana kila mmoja kwa lugha yake. Ndiyo maana namjua Mkalimani kuliko wenzangu walivyomjua. Wao walisikia nusu yake. Mimi nilimsikia mzima.

Kazi yake ilikuwa kusimama katikati. Boma ya Wadachi, ndio Wajerumani, ilikuwa mbali, huko Bukoba, lakini Wadachi walipita kwetu kila baada ya muda, mara wanataka watu wa kulima barabara, mara wanataka wapagazi, mara wanapima nchi kwa vyuma vyao vya miguu mitatu. Mzungu husema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, Mkalimani hukigeuza Kinyambo. Watu husema kwa Kinyambo, naye hukigeuza Kiswahili. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Ilivyokuwa ni kwamba Mzungu akisema maneno matatu, Mkalimani husema thelathini, na mwananchi akisema thelathini, Mkalimani husema matatu.

Kuna mzee mmoja alitembea kutoka upande wa Kanoni kuja kushtaki. Askari walikuwa wamechukua ng'ombe wake wanne, mmoja ana mimba. Mzee yule alisimama mbele ya hema la Mzungu akaeleza jambo lake vizuri sana, kwa mpangilio, rangi ya kila ng'ombe, pembe zake zilivyokaa, siku waliyochukuliwa, na askari yupi alimshika mkono. Alieleza mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza, Mkalimani akageuka kwa Mzungu.

"Bwana, anakusalimu."

Mzungu akatabasamu. "Mwambie salamu zake nimezipokea."

Mkalimani akamgeukia mzee. "Amesema amepokea."

Mzee akapiga magoti kushukuru. Alirudi Kanoni akaambia watu wake kwamba shauri lake limepokelewa, akakaa akingoja ng'ombe. Sijui alingoja muda gani. Nilikuwa nimesimama pale na kapu la mayai ya kumuuzia mpishi wa Mzungu, nimesikia kila neno, na nilipofika nyumbani nilimwambia baba. Baba akasema, "Nyamaza, mwanangu. Huyo akikosa usingizi atatutafuta sisi."

Baba hakuwa mwoga, ila alikuwa amekwisha kuona. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtu mmoja aliyewahi kubeba mizigo hadi Tabora, na huko akajifunza Kiswahili kidogo, alimsahihisha Mkalimani hadharani. Alisema tu, "Bwana, siyo hivyo, wamesema mvua imeharibu daraja, hawakusema hawataki kulitengeneza." Mkalimani alimsogelea Mzungu akasema kwa sauti ya chini, ya huzuni kabisa, kwamba mtu yule ametukana serikali. Alichapwa viboko kumi na tano pale pale. Toka siku hiyo hakuna aliyemsahihisha Mkalimani tena, na yeye akadhani ni kwa kuwa amekuwa hodari.

Alilaumiwa mara chache, maana wengi hawakujua la kumlaumia. Lakini akilaumiwa alikuwa na neno lake: "Mimi ni mdomo tu." Kodi ikiongezwa, yeye mdomo tu. Watu wakichukuliwa kulima barabara wakati wa kupanda maharage, yeye mdomo tu. Ila Mzungu akigawa chumvi kidogo, au akimwachilia mtu kifungoni, Mkalimani hupita kibanja kwa kibanja akisema, "Nilimwambia Bwana, Bwana, waonee huruma hawa." Hapo hakuwa mdomo. Hapo alikuwa mtu mzima mwenye mikono na miguu na moyo.

Alidai ni mtu wa pwani. Aliingia dukani kwa baba siku za kwanza, akaketi bila kukaribishwa, akaanza kusema "sisi watu wa pwani". Baba, ambaye alikuwa mpole na mwenye adabu za kwao, alimuuliza taratibu ametoka mji gani. Akasema Pangani. Baba akamuuliza, "Pangani upande gani wa mto?" Mkalimani akafikiri, akajibu, "Mto? Sisi hatukwenda mtoni, sisi tulikuwa na watumwa wa kuteka maji." Baba, ambaye alijua mji ule umekaa kwenye mlango wa mto, alitazama chini. Mgeni alipoondoka, baba alicheka mpaka akalia, akamwita mama aje asikie, ikabidi amweleze Kinyambo, na mama naye akacheka. Baadaye tulikuja kujua kwamba alizaliwa mahali fulani njiani, kwenye makambi ya misafara, na kwamba pwani hakuifikia hata mara moja. Kuzaliwa kambini si aibu. Aibu aliitafuta mwenyewe.

Mavazi yake nayo. Alivaa kanzu, na juu ya kanzu koti la askari lisilo na kifungo hata kimoja, amelifunga kwa kamba ya mgomba. Alikuwa na viatu ambavyo Mzungu mmoja alivitupa. Vilikuwa vidogo. Alivibeba mkononi kutoka nyumbani hadi karibu na kambi, akivuta pumzi anavivaa nyuma ya kichaka, kisha anatokea akitembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Sisi wanawake tuliokuwa tukipita na mitungi tulijua kile kichaka, na wakati mwingine tulimngoja makusudi.

Msimu wa senene alisema kwa sauti mbele ya watu kwamba mtu wa heshima hali wadudu. Mke wake, Mnyambo kama mama yangu, mwanamke mwenye maneno machache na macho ya kuchoka, alituambia chemchemini kwamba nyumbani huwakaanga chungu kizima, naye hula akiwa amegeuzia mlango mgongo, na mabawa huyachimbia shimo.

Nitasema na zuri lake, nisije nikaambiwa nina kinyongo. Mama mkwe wake alipovimba mguu huko Nyakahanga, Mkalimani alikwenda mwenyewe akambeba mgongoni hadi Nyaishozi, akipita naye kwenye bwawa maji yakimfika kiunoni. Wapagazi walikuwepo, hakuwaita. Mama yule alikuwa mzito, na njia si fupi. Nilimwona akipanda naye ile njia yetu ya mwisho, ulimi nje, na kwa muda wa kama hatua ishirini nilimheshimu. Kisha alimtua mama mkwe kivulini na kabla hajanywa maji akaanza kuhadithia. Alihadithia mwaka mzima. Mama mkwe alipona mguu, akaenda zake kwao kwa miguu akisema bora alale na chui kuliko kulala akisikia habari ya kubebwa.

Basi sasa niseme habari ya jua.

Wakati huo baba alikuwa amezeeka, duka analiendesha mume wangu, nami nina mtoto mmoja. Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa Kemilembe. Huyu alikuwa mwenzangu. Tulichota maji pamoja, tulijifungua kwa tofauti ya miezi miwili, na alinifundisha kusuka vikapu ingawa mkono wangu haukufika wake. Vikapu vya Kemilembe vilikuwa na michoro myeusi myembamba, ungesema imechorwa kwa unywele. Mume wake alikuwa amechukuliwa upagazi na Wadachi, ametoka kabla ya mvua, na mvua zimekwisha hajarudi.

Nisiseme uongo: wiki zile mimi na Kemilembe tulikuwa hatusemeshani. Mbuzi wake alitafuna kanga yangu mpya niliyoianika uani, nami nikasema neno juu ya mama yake ambalo sikupaswa kulisema. Nilingoja aje kuniomba radhi ya kanga. Yeye alingoja niende kumwomba radhi ya mama yake. Tukakaa hivyo.

Mzungu mpimaji akaja, akapiga hema chini ya kilima, na asubuhi moja akataka watu wote waitwe. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, si mkali. Alishika chungwa mkono mmoja na yai mkono mwingine, akapitisha yai mbele ya chungwa. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake, lakini nilikielewa chote:

"Kesho kutwa, mchana, mwezi utapita mbele ya jua. Jua litafunikwa, nusu na zaidi ya nusu. Kutakuwa na giza kidogo. Msiogope. Si vita, si ugonjwa. Litarudi. Lakini msilitazame kwa macho matupu. Litaunguza macho, na macho hayaponi. Kaeni ndani, au tazameni kivuli chini. Mwenye kioo akitie moshi wa taa kwanza, kiwe cheusi. Waambie sana hilo la macho. Waambie mara mbili."

Alisema hivyo, mara mbili. Na Mkalimani akatokeza kifua, akavuta kamba ya koti lake, akawaambia watu kwa Kinyambo:

"Bwana anasema kesho kutwa mchana atalifunika jua. Hii ni nguvu ya boma. Mtu yeyote asijifiche ndani. Wote mtoke nje, mlitazame jua mpaka litakapofunguliwa, ili mjue serikali ni nani. Nitapita nyumba kwa nyumba. Nitakayemkuta ndani, jina lake naliandika."

Watu wakaguna. Mzungu, akiona wameguna, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alidhani wamesikia habari ya macho yao. Nilikuwa nyuma na wanawake, mtoto mgongoni. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua, na upepo ukaingia. Kisha nikamwona yule mtu wa Tabora aliyechapwa viboko, amekaa mbele yangu, anajikuna mgongo kupitia nguo. Nikaufunga.

Kemilembe alikwenda mpaka kwa Mkalimani watu walipokuwa wakitawanyika. Nilimsikia akimuuliza, "Nikilitazama vizuri, bila kukwepesha, mume wangu ataachiliwa?"

Mkalimani akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Litazame kwanza," akasema. "Nitamwambia Bwana."

Jioni ile nilimweleza mume wangu na baba maneno ya Mzungu kama yalivyokuwa. Mume wangu akatafuta kipande cha kioo cha taa kilichovunjika, akakitia moshi mpaka kikawa cheusi. Tukakubaliana mtoto na mama yangu wakae ndani na Mkalimani aandike majina mpaka achoke. Yote yalikuwa tayari. Na ua wa Kemilembe ulikuwa hatua thelathini kutoka jikoni kwangu. Siku ile nzima na siku iliyofuata nilimsikia akitwanga, akiita kuku, akikohoa. Kwenye mkutano niliogopa kiboko. Hilo nalikubali na mtu yeyote angeogopa. Lakini uani kwangu hakukuwa na askari. Uani kwangu kulikuwa na kanga iliyotafunwa, basi. Nilijiambia atasikia kwa mwingine. Nilijiambia kesho asubuhi nitamtuma mtu. Kesho asubuhi mtoto alikuwa na homa kidogo, nikashughulika.

Lilianza kwa pembeni, kama chapati iliyoumwa. Tulikuwa uani, mimi na mume wangu tukipokezana kile kioo, na baba amekwisha kutandika mkeka anasali. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Ungekuwa hukuambiwa usingejua. Kisha mwanga ukaanza kuwa wa ajabu. Haukuwa wa jioni, maana jioni mwanga huwa mwekundu na vivuli virefu. Huu ulikuwa mwembamba, wa rangi ya bati, na vivuli vilikuwa vifupi na vikali kama vimekatwa kwa mkasi. Baridi ikashuka. Ng'ombe waliokuwa malishoni wakaanza kurudi wenyewe, pembe zao ndefu zikigongana njiani, na hakuna aliyewaita. Kuku wakapanda kulala.

Mama akaniita ndani. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, yenye matundu madogo madogo ambayo siku zote hutupa vijiduara vya mwanga sakafuni. Sasa kila kijiduara kilikuwa mwezi mchanga. Mamia ya miezi michanga, juu ya majivu, juu ya mkeka, juu ya tumbo la mtoto wangu aliyelala. Mama alikuwa amekaa katikati yake amenyoosha kiganja, mwezi mmoja umo ndani ya kiganja, na alikuwa anatabasamu kama msichana. "Angalia," akasema, "umenijia."

Nilipotoka tena nje, jua lilikuwa limebaki ukucha. Nikalitazama kwa kioo, na nilipokishusha nikamwona Kemilembe. Alikuwa amesimama uani kwake, peke yake, mikono imekaza pembeni, uso umeelekezwa juu kabisa. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka shingoni, na hakuyafuta. Hakupepesa.

Hapo ndipo ningepaza sauti. Jina lake tu lingetosha. Lakini mume wangu alinigusa bega akasema, "Tazama, tazama, linageuka," nikainua kioo tena, na lilikuwa zuri, Mungu anisamehe, lilikuwa zuri kiasi kwamba nilisahau kuwa nina jirani. Nilipokumbuka, mwanga ulikuwa unarudi na jogoo anawika, na uani kwa Kemilembe hakuna mtu.

Na Mkalimani alikuwa wapi, aliyesema atapita nyumba kwa nyumba? Mke wake alitueleza chemchemini. Tangu jua lilipoanza kuumwa alikuwa chini ya kitanda, blanketi kichwani, amefunga macho kwa kitambaa cha kilemba juu ya blanketi, na kila baada ya muda akiuliza, "Limekwisha? Usifungue mlango. Litaniunguza macho." Wanawake walicheka mpaka mitungi ikamwagika. Mimi sikucheka. Alikuwa amesema litaniunguza macho. Basi alisikia. Alielewa. Mpaka siku ile nilikuwa nimejaribu kumfanyia hisani moyoni, nikisema pengine Kiswahili cha Mzungu kilimpita.

Macho hayakumuuma Kemilembe. Ndiyo sababu hakujua. Asubuhi yake aliamka akaona tundu jeusi katikati ya kila kitu. Tuliongea siku ile. Nilikwenda mwenyewe, ugomvi wa kanga ukawa umekwisha. Alinikalisha mbele yake akageuza kichwa huku na huku kama ndege.

"Zainabu, nikikutazama uso, haupo. Naona masikio yako. Naona ukuta nyuma yako. Uso haupo."

Alingoja uso ujae tena, kama maji ya chemchemi. Haukujaa. Aliweza kutembea, kulima kidogo, kujua njia. Hakuweza kuchambua maharage wala kushona, na kikapu cha mwisho alichoanza kilikaa juu ya dari na ncha zake zimesimama. Mume wake alirudi baada ya miezi mitatu, si kwa sababu ya Mkalimani wala ya jua, ila mizigo ilikuwa imekwisha. Alikuwa mtu mwema. Alijifunza kuchambua maharage.

Mimi nikawa mkono wake. Miaka yote iliyofuata, chemchemini, msibani, arusini, alinishika mkono nami nikamwongoza, na watu wakasema hakuna jirani kama mimi. Nilizoea kuyasikia. Hata mara moja sikumwambia nilichokijua. Na kila nilipomwona Mkalimani akipita chini na koti lake, nilimchukia kwa nguvu zaidi, na ilinisaidia.

Kisha vita vikaja, vya Wazungu kwa Wazungu. Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaingia, na hao walikuja na watu wao wa kuwasemea. Mkalimani alikwenda kambini kwao siku ya kwanza na viatu vyake mkononi. Walimwambia angoje. Alingoja siku nne. Baada ya hapo alibeba kuni kwa mpishi wao muda kidogo, kisha hata huyo mpishi akamfukuza. Mke wake alirudi kwao Nyakahanga bila ugomvi, alifunga tu mzigo. Yeye akahamia upande wa Kyerwa, nasi tukapumzika.

Alitokea tena mara moja tu. Ilikuwa mchana, msimu wa kahawa, Kemilembe na mimi tumekaa uani nikimsomea kwa mdomo rangi za vitambaa vipya vya duka. Nikasikia kikohozi.

"Hodi wenyewe. Bi Zainabu."

Alikuwa amekonda. Koti halikuwepo. Kanzu ilikuwa ile ile au ndugu yake. Kijana yeyote angempa shikamoo. Mimi nilimwambia karibu, nikamsogezea kigoda, nikaweka mbele yake kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyowekewa huku kwetu. Akaanza kutafuna na kusema. Alisema habari za Wazungu wapya kwamba hawajui kazi. Alisema habari za tumbo lake.

Kemilembe alikuwa amemtambua kwa sauti. Aligeuza kichwa kando, kama alivyozoea ili amwone mtu kwa pembe ya jicho, akasema kwa utulivu:

"Mkalimani. Yule Mzungu wa jua. Watu wa Kanoni wanasema kule kwao Mzungu alikataza kulitazama, na mtu wao aliwaambia. Kwa nini huyu wetu hakukataza?"

Sikujua kama alikuwa amelisikia hilo. Sikujua amelikalia kwa muda gani.

Mkalimani hakuacha kutafuna. "Alikataza," akasema. "Na mimi nilisema. Nilisema kwa sauti, msilitazame kwa macho matupu. Nyinyi hamkusikia, mlikuwa mnapiga kelele." Kisha akanigeukia, na katika miaka yote ile sikuwahi kumwona ananitazama hivyo, kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi. "Muulize huyu. Alikuwepo. Anajua lugha zote mbili. Bi Zainabu, si nilisema?"

Alijua. Pamoja na ujinga wake, hilo alilijua. Nikisema ndiyo, yeye ni mtu safi na mimi ni mtu safi, na kosa ni la Kemilembe aliyekuwa anapiga kelele. Alinitengenezea mahali pazuri pa kukaa, kando yake.

Kemilembe alikuwa amenielekezea sikio. "Zainabu. Alisema?"

"Hakusema," nikasema. "Mzungu alisema, mara mbili. Yeye alisema mtazame."

"Wewe ulimsikia Mzungu."

"Nilimsikia."

"Siku ile ile."

"Siku ile ile. Tulitia kioo moshi nyumbani."

Kuku alipita kati yetu. Kemilembe alikaa na mikono yake magotini, akipekua vidole kimoja kimoja, kama anatafuta ukindu. Nilisema juu ya kiboko, nilisema juu ya kanga, na nilipoyasikia yakitoka nje mchana ule niliona ni madogo hata nikaacha katikati. Kemilembe akasimama. Nilinyoosha mkono kama siku zote, akaupita. Alishika njia ya kwake, akigusa mgomba mmoja mmoja kwa ncha za vidole mpaka majani yakamficha.

Alirudi kwangu, lakini ilichukua mavuno mawili ya maharage, na tuliyoyasema siku hiyo ni yetu wawili. Hayamhusu yeye aliyekuwa amekaa kwenye kigoda changu.

Mchana ule yeye hakuwa ametingishika. Alitazama njia aliyopita Kemilembe, akatikisa kichwa kwa masikitiko, masikitiko yale yale aliyokuwa akiwaonyesha Wazungu.

"Watu hawa," akasema, "hawana shukrani. Umemlea miaka yote."

Akaingiza mkono kikapuni, akakuta kimekwisha. Akakiinamisha kidogo, ili nikione.

"Bi Zainabu, kahawa imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Niliingia ndani, nikamletea.